Mshale wa skrini moja haufai skrini nyingine

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msanifu wa michoro ya kompyuta. Nilitengeneza skrini sita za kuwaelekeza wajumbe katika mkutano uliofanyika kwenye kumbi saba hapa Dar es Salaam. Wajumbe walizitazama, kisha wakaenda kuwauliza wahudumu wa mapokezi. Nilikosea wapi? Naambatanisha picha na ramani ya jengo. – Msomaji, Sinza

JIBU: Ndugu msomaji, picha zako zinaonyesha kazi safi, ila skrini zote sita zimepewa picha ileile. Mshale wa Ukumbi wa 4 unaelekea kulia kwenye skrini ya mlangoni, ambako ni sahihi, na unaelekea kulia pia kwenye skrini ya juu ya ngazi, ilhali kwa mujibu wa ramani yako anayefika hapo anatakiwa akunje kushoto. Mjumbe akishapotezwa mara moja haziamini tena skrini nyingine, na hapo ndipo anapomtafuta mhudumu. Kila skrini ichorwe kwa kufuata mahali iliposimama, na upande anaoelekea mtazamaji uwe ndio upande wa juu wa ramani.

Kosa la pili ni matangazo ya wadhamini, ambayo yanafunika skrini nzima kwa zamu. Mtu mwenye haraka hasubiri tangazo liishe, kwa hiyo tenga sehemu ya mishale isiyobadilika kamwe, na matangazo yabaki pembeni.

Tangulia kuandika namba ya ukumbi, tena kwa herufi kubwa kuliko mada, kwa sababu anayetembea anatafuta namba. Na namba hiyo iwe ileile iliyomo kwenye ratiba na juu ya mlango. Kwa makadirio, herufi ya sentimita 1 husomeka kutoka mita 3 hivi, kwa hiyo bango la kusomwa kutoka mita 15 linahitaji herufi za sentimita 5 au zaidi. Skrini iinuliwe juu ya vichwa vya watu, maana wajumbe wakitoka kwenye chai wote pamoja, iliyo usawa wa kifua haionekani.

Namba husaidia pia penye lugha nyingi. Mkutano wa wakuu wa SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) wa Agosti 2019, uliofanyika hapa Dar es Salaam, ulikipokea Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ukizibandika zote nne kwenye kila mshale, hakuna itakayosomeka. Choo, ngazi na huduma ya kwanza vina alama zinazoeleweka bila maneno.

Umeme ukikatika skrini huwa nyeusi, kwa hiyo mishale mikuu ichapishwe pia kwenye vibao vya kawaida.

Siku moja kabla ya mkutano, mwombe mtu asiyelijua jengo atoke getini hadi Ukumbi wa 4 bila kumuuliza yeyote, nawe umfuate kimya kimya. Pale atakaposimama na kugeuka huku na huku, ndipo panapohitaji skrini.