Macho yanatiririka tangu nianze dawa ya wasiwasi

SWALI: Daktari aliniandikia setralini, miligramu 50 kwa siku. Wiki ya tatu sasa machozi yananitoka, hasa jioni nikiwa kwenye kompyuta. Je, ni dawa? Niiache? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Pole sana. Inawezekana ni dawa, lakini usiiache ghafla: unaweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi, na wasiwasi ukarudi.

Setralini hukausha macho ya baadhi ya watu. Jicho kavu huwashwa, na tezi ya machozi hujibu kwa kumwaga maji mengi kwa mpigo. Maji hayo hayakai juu ya jicho. Yanateremka tu shavuni, na ukavu unabaki palepale. Kompyuta huzidisha kwa sababu ukiikodolea macho hupepesi vya kutosha. Amitriptilini na propranolo nazo zaweza kukausha macho, kwa hiyo mtajie daktari kila dawa unayomeza.

Nunua machozi bandia famasi, tone moja kila jicho mara nne kwa siku. Usichukue matone ya kuondoa wekundu, maana wekundu hurudi ukiyazoea. Jioni weka kitambaa chenye uvuguvugu juu ya kope kwa dakika 5 hadi 10, na feni isikupulize usoni.

Macho yakiwasha sana huku unapiga chafya, huenda ni mzio. Lakini jicho likiuma vikali, ukaona duara za rangi kuzunguka taa, au ukatapika, nenda hospitali saa hiyohiyo: presha ya jicho huenda imepanda.