Usimlipe huyo wa gunia kabla hujakanda kidonge

Yakhe, simama hapo hapo. Usitume hiyo pesa.

Nimesoma ulichoandika. Kikundi cha matarumbeta kimekuagiza tarbushi nyekundu za felti, yaani sufu iliyokandwa hadi ikashikana, umempata jamaa wa Mariakani anayeuza sufu ya kondoo kwa gunia, bei ya kutupa, nawe unauliza mambo mawili: sufu hiyo yafaa ama haifai, na faruma, kile kigogo cha kuundia kofia, uichonge kwa nini. Halafu ukamalizia kwa majivuno, ati "ameichoma kwa kiberiti mbele yangu ikanuka nywele, kwa hivyo ni halisi." Hapo ndipo damu iliponichemka. Na chini yako watu wameshakumiminia hongera, mmoja anakwambia sufu ni sufu tu. Huyo lau angekuwa jirani yangu hapa Majengo ningemfuata mlangoni kwake na kanzu yangu ya kulalia.

Kiberiti hakithibitishi unachodhani. Choma nywele za mnyama yeyote, kondoo, mbuzi, paka wa Marikiti, hata ndevu za huyo dalali mwenyewe: zote zitanuka vile vile na kuacha jivu jeusi linalosagika kwa vidole. Kinachoumbuka mbele ya moto ni plastiki, maana uzi wa akriliki huyeyuka na kuganda tone gumu. Basi, kazi ya kiberiti imeishia hapo. Kimekwambia kitu hiki kilikuwa mwilini mwa mnyama. Kama kitashikana kiwe kofia, hakijui.

Nasema haya kwa sababu mimi nilichomewa kiberiti hicho hicho, nikanunua. Nilikuwa na oda ya harusi, bwana harusi na wapambe wake, arbuni nishaila. Dalali akanikuta na haraka zangu. Akachomoa shungi moja, akaliwasha, akanisogezea puani: "Nusa fundi, merino hiyo, sufu laini ya kondoo wa kule juu kwenye baridi." Neno fundi lilinilevya. Nilikuwa sijashona hata kofia moja ya kuuza, na mtu ashanivisha kilemba cha ukoka, nami nikakinyoosha kikae vizuri. Nikabeba magunia matatu. Pesa yenyewe ilikuwa ya chama, na si chama changu, ni zamu ya mke wangu. Tusiendelee na hilo, anasoma humu.

Kufungua gunia la kwanza nikakuta vipande vya ngozi vikavu, vidogo kama ukucha, vimeng'ang'ania kwenye mashina ya nywele. Sufu iliyokatwa kwa mkasi haina ngozi. Ile ilikuwa imeng'olewa kwenye ngozi za machinjioni. Nilikiona hicho kipande, nikakishika, nikakitupa dirishani, nikaendelea kuosha. Mchanga, mavi na kupe vilipotoka, mzigo ukasinyaa hadi nikamshuku mtoto kwamba ameuiba. Kwa hiyo hata ile "bei ya kutupa" ya kilo uipigie hesabu upya: unanunua uchafu kwa bei ya sufu.

Kisha kukanda. Nikatandaza matabaka, moja limelala hivi, la pili limelikata, nikafunika na chandarua, nikamwagia maji ya moto na sabuni, nikasugua. Nikasugua. Nikaviringisha kwenye mkeka, nikafungua, nikaviringisha tena. Maji ya kisima chetu yana chumvi, sabuni ikakataa kutoa povu, ikawa inaacha utando mweupe tu kama maziwa yaliyokatika, nikaita mkokoteni wa maji matamu, mtungi juu ya mtungi, na gesi inawaka. Nilipoinua ncha ya kile kitambaa, ikaja na konzi ya nywele na kilichobaki kikabaki mezani. Nywele zenyewe nene, fupi, nyeupe kama chaki, zimesimama kila moja na njia yake.

Ungefikiri hapo nikaacha. Nikarudi kwenye video ya yule mama wa nchi za theluji niliyekuwa namfuata. Ametulia, paka nyuma yake, anasema endelea tu, siri ya felti ni subira. Mama yangu, wewe sufu yako umenunua dukani, imeshaoshwa, imeshachanwa, imekunjwa kwenye karatasi! Hata siku moja hakusema ni ya kondoo gani, maana kwake kondoo ni wa aina hiyo tu. Subira yavuta heri, sawa, lakini haiwezi kuotesha magamba kwenye nywele za Dorper, kondoo wa nyama.

Maana shida ilikuwa hiyo. Unyuzi wa sufu una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, yote yakielekea upande wa ncha. Maji ya moto na sabuni huyalegeza, na ukisugua kila unyuzi hutambaa upande wa shina lake, hunasa kwa mwenzake, haurudi nyuma. Ndiyo felti, hakuna gundi wala sindano. Nywele nene za kondoo wa nyama hazina uwezo huo. Na kondoo wanaoshuka huku kwetu ni wa nyama: Dorper, wale wa Kimaasai wekundu, na wale weupe wenye kichwa cheusi. Dorper alitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kumchanganya Dorset Horn na huyo mwenye kichwa cheusi, makusudi apatikane kondoo wa nyama atakayestahimili ukame, na manyoya yake huyapukutisha mwenyewe. Kwa pilau, hana mfano. Kondoo wa sufu, Merino na Corriedale na chotara zao, wako nyanda za juu, Timau, Nanyuki, Molo, Kinangop. Jiulize tu: kondoo aliyevaa sufu ya kufikia goti atafanya nini Mariakani na jua lile?

Bwana harusi alivaa kofia ya mkono, kofia ya vito, ya marehemu babu yake, na watu wakasema amependeza, jambo lililoniuma zaidi. Arbuni nilirudisha. Magunia mawili nilijazia mito. Ikifika masika mito inanuka zizi, na mkwe wangu akija kulala kwetu anakuja na mto wake.

Kwa hiyo mimi nina sharti moja na sitaki unijibu kwa hoja: kanda kidonge kabla hujatoa shilingi. Mwambie muuzaji akupe konzi moja. Nyumbani chukua kiasi cha kujaza kiganja, maji ya moto kadiri mkono unavyovumilia, sabuni ya kipande, uviringishe kama unafanya kaimati, taratibu mwanzo, kisha ukaze. Ndani ya dakika kumi sufu ya kweli imekuwa gololi, ukiivuta haitoki unyuzi, na ikikauka ukiipiga sakafuni inadunda. Nywele za kondoo wa nyama zitakufia mkononi, zitoke moja moja, zikuingie kwenye kucha. Akikataa kukupa hiyo konzi, kwaheri. Muuzaji wa Nanyuki, ukimpata, naye muombe akutumie konzi kwenye bahasha na basi la usiku kabla hujaagiza kilo. Usione haya, mwenye sufu nzuri hana wasiwasi nayo.

Na usidhani uzi wa dukani umekuokoa. Uzi wa sufu wa kufumia soksi za watoto ulioandikwa kwamba unafuliwa kwa mashine ni sufu kweli, lakini mara nyingi umetiwa dawa makusudi usishikane. Ukiuchoma utanuka nywele. Ukiukanda, hakuna kitu. Unaona kiberiti chako?

Kidonge kikikubali, usikimbilie kofia bado. Kanda kipande. Tandaza sufu sentimita 30 kwa 30, matabaka manne, uikande hadi mwisho kabisa, yaani hadi ukivuta uso wake kwa vidole hauinuki, halafu upime. Tuseme imebaki 20 kwa 20. Basi kila kipimo chako unakizidisha mara moja na nusu. Kichwa cha sentimita 58 kikilazwa bapa ni 29, kwa hiyo kiolezo chako cha plastiki, kile unachokizungushia sufu, kiwe na upana wa 43 na nusu pale chini. Kimo cha tarbushi 13, ongeza 7 za nusu ya kile kitako cha juu, jumla 20, nayo inakuwa 30. Watu wanakata kiolezo sawa na kichwa halafu wanalia kofia imemtosha mtoto wa madrasa. Na kipimo cha kipande changu si cha kwako: sufu nyingine hunywea zaidi, nyingine kidogo, hata ya kondoo wa zizi moja. Ndiyo maana unakanda kipande cha mzigo huo huo ulionunua. Kofia yenyewe itakula gramu 80 hadi 100 za sufu iliyokwisha oshwa, upime kwenye mizani ya jikoni, nusu mbele na nusu nyuma ya kiolezo.

Faruma: tarbushi si kofia ya kuzunguka, ni ndoo iliyopinduliwa, pana chini, nyembamba juu. Seremala yeyote wa vitanda anaweza kukubandikia mbao za mwembe moja juu ya nyingine na kuzichonga umbo hilo. Mwembe ni laini kuchonga na vipande vyake hutupwa, lakini uukaushe kwanza la sivyo utapasuka. Ifunge mfuko wa plastiki kabla hujaivika felti mbichi, au mti utaachia rangi yake. Wakati nasubiri seremala amalize ahadi zake nilitumia mkebe wa rangi uliofungwa matambara na kamba ya mpira, na hakuna aliyejua. Vifaa vingine unavyo: chandarua kikuukuu, mkeka, kipande cha bomba la plastiki cha kuviringishia, chupa ya maji uliyotoboa kifuniko kwa sindano ya moto. Cha kuchania, ile brashi ya mbwa yenye vijiti vya waya, mbili, zielekezane. Pasi ya makaa ina uzito mzuri wa kulainisha pande, weka kitambaa kibichi katikati.

Maji nishakwambia, matamu au ya mvua. Ukiosha sufu chafu iloweke tu, usiivuruge, na usiihamishe kutoka maji ya moto kuingia ya baridi, vinginevyo itashikana ndani ya beseni. Kukausha huku kwetu ni mtihani. Unyevu wa bahari huiacha na harufu ya uvundo, kwa hiyo weka kivulini penye upepo au mbele ya feni, usiifungie chumbani.

Kufanya ngumu, shelaki ile ile wanayopigia polishi makabati, iyeyushwe kwa spiriti, ipakwe nyembamba kwa ndani. Uji wa wanga utakutosha kwa majaribio, ila mpiga tarumbeta anatoka jasho. Na ukikutana na mzee wa mtandaoni anayekuelekeza dawa ya zebaki kwa manyoya ya sungura, kimbia. Marekani waliachana nayo viwandani mwaka 1941, baada ya mafundi wa kofia kutetemeka mikono miaka na miaka. Mimi nilitetemeka bila zebaki, siku niliyomweleza mke wangu habari za chama.

Sasa huyo jamaa wa Mariakani. Mpigie leo, mwambie unataka konzi moja tu, utaifuata mwenyewe. Usimwambie ya nini. Akisema sufu haiuzwi kwa konzi, au akitoa tena kiberiti mfukoni, muulize ngozi za kondoo hao zilikwenda wapi, unyamaze, umsikilize atakavyojibu. Na kidonge ukikikanda, hata kikikushinda, kipige picha na rula kando yake ukiweke hapa, nikione mwenyewe kabla hujagusa simu yako kulipa.