Maji ya kifuani yanatosha

Swali lenu la wiki hii: asiyejua kuogelea anaweza kuanza aerobiki za majini, na aanzeje? Anaweza, tena bila wasiwasi. Darasa la wanaoanza hufanyika mahali ambapo miguu inakanyaga chini na kichwa kiko juu ya maji muda wote. Mwenye hofu asimame karibu na ukingo na amwambie mwalimu mapema.

Cha kuchagua kwa makini ni kina. Maji yakifika kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wa mwili. Yakifika kifuani, hubaki kama robo hadi theluthi. Ndiyo maana mtu ambaye magoti yake yanalalamika kwenye ngazi huweza kurukaruka bwawani. Ila usipitilize. Maji yakigusa mabega mwili huanza kuelea, nyayo zinakosa pa kushika, na kila zoezi linageuka kuwa kazi ya kutafuta mizani.

Wapo wanaomaliza kipindi cha kwanza wakisema ni mazoezi ya wazee, hayachoshi. Mimi huwauliza walisogeza mikono kwa kasi gani. Majini ugumu unauleta mwenyewe: ukienda kasi mara 2, ukinzani wa maji hupanda kufikia karibu mara 4. Kiganja nacho kina lake. Kikipita kwa ubavu, maji yanakatika kama siagi. Kigeuze kitazame kule mkono unakoelekea, na utausikia msukumo hadi begani. Kwa hiyo watu wawili waliosimama bega kwa bega, wakifuata muziki uleule, mmoja anaweza kuwa anapumzika na mwingine anahema. Jifunze kwanza kuicheza kasi na kiganja chako, na kukanyaga kwa unyayo mzima badala ya ncha za vidole.

Kwa sababu hiyo sioni haja ya kukimbilia vifaa. Dambeli za povu huwahadaa wengi kwa wepesi wake, kumbe zinafanya kazi kinyume na za chuma: kuzizamisha ndiko kugumu, na ukizembea zinarudi juu kwa nguvu na kulivuta bega. Ziache mpaka mwili uzoee. Viatu vya majini, hivyo ningenunua, maana sakafu ya bwawa huteleza na huchubua nyayo.

Usitegemee sana saa ya kupima mapigo ya moyo. Maji huubana mwili na kusukuma damu kutoka miguuni kurudi kifuani, hivyo moyo hupiga polepole kuliko nchi kavu kwa juhudi ileile. Pima kwa mdomo: uweze kusema sentensi, ushindwe kuimba. Na weka chupa ya maji ya kunywa ukingoni, kwani jasho linatoka hata kama hulioni.

Mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au presha isiyotulia amwone daktari kwanza. Mwenye kidonda kibichi asubiri kipone. Wengine, dakika 20 hadi 30, mara mbili kwa wiki, zinatosha kuanzia. Wakati wa kutoka panda ngazi taratibu huku umeshika chuma, kwa sababu uzito wote ulioachiwa maji unarudi miguuni kwa mkupuo.