Mchapuko: maswali yenu na majibu

*Mpira nikiurusha juu, ukifika kileleni velositi yake inakuwa sifuri. Sasa mbona mwalimu anasema mchapuko hapo sio sifuri?*

Hapa wengi wanapoteza maksi za bure kabisa, kwa hiyo twende taratibu. Velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake, na mchapuko ni kiasi velositi inavyobadilika kila sekunde. Tuseme umeurusha kwa mita 20 kwa sekunde, na mchapuko wa mvutano wa dunia tuuchukue 10 badala ya 9.8 ili hesabu iwe nyepesi. Sekunde 1 ikipita velositi ni 10, ya 2 ni 0, ya 3 ni -10, yaani mpira ushaanza kushuka. Umeona? Kila sekunde inapungua 10 ileile, hata pale kwenye sifuri haikupumzika. Ingekuwa mchapuko nao unakufa pale juu na kubaki hivyo, velositi ingebaki sifuri na mpira ungening'inia hewani tu. Kwa hiyo usiangalie velositi ni ngapi, angalia inabadilikaje.

*Mchapuko hasi si ndo kupunguza mwendo?*

Sio lazima, rudi kwa mpira huohuo. Ukiwa unashuka mchapuko bado ni -10 na kasi inazidi kuongezeka. Alama inakuonyesha upande tu. Kasi inapungua pale velositi na mchapuko vinapoelekea pande zinazopingana, basi.

*Boda inazunguka kipilefti, spidomita imeganda kwenye 30. Nayo ina mchapuko?*

Ndio, tena bila ubishi. Kumbuka velositi ni kasi pamoja na mwelekeo, na boda inageuka muda wote, kwa hiyo velositi inabadilika japo mshale wa spidomita umetulia. Mchapuko unaelekea katikati ya duara, na kinachouleta ni msuguano wa tairi na lami. Ndo maana lami ikiwa na mvua au mchanga, msuguano ukipungua, pikipiki inashindwa kukata kona inatoka nje. Madereva nawaomba sana mpunguze mwendo KABLA ya kona.

*Usain Bolt alikuwa na mchapuko mkubwa zaidi pale alipokuwa na kasi zaidi?*

Hapana, ni kinyume chake. Berlin 2009, ile mbio ya mita 100 aliyoimaliza kwa sekunde 9.58, mchapuko mkubwa ulikuwa mwanzoni anapochomoka, kasi ikiwa bado ndogo. Kasi ya juu kabisa, mita 12 na kitu kwa sekunde, aliifikia kati ya mita 60 na 80, na hapo mchapuko wake ulikuwa karibu sifuri maana hakukuwa na kasi ya kuongeza tena.