Maji ya matembele, unga wa vitu kumi na mbili, na vidonge vilivyoachwa dirishani

Barua za safari hii zina jambo moja: karibu kila aliyeandika tayari anakunywa kitu nyumbani. Sina ugomvi na jiko la bibi, mimi mwenyewe nimelelewa nalo. Ila kuna mahali linasaidia kweli, na kuna mahali linamchelewesha mgonjwa. Nianze na lililonikosesha usingizi.

Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi mitano. Kliniki wamesema damu yangu ni 9.2. Vidonge vilinitia kichefuchefu na choo kikawa cheusi, nikaviacha dirishani. Mama mkwe ananichemshia matembele nakunywa maji yake, na juisi ya rosela kila siku. Pia nashindwa kuacha udongo wa pemba. Damu itapanda? (Msomaji, Tanga)

Marahaba mwanangu. Kwa mjamzito, damu ikiwa chini ya 11 ni upungufu, na 9.2 si upungufu mdogo. Hujachelewa, lakini usingoje hadi kliniki ya mwezi ujao.

Rosela inapendwa kwa wekundu wake, watu wakiiona wanaona damu. Wekundu ule ni rangi ya ua tu. Mwili unajenga damu kwa madini ya chuma, na hayo hayapimwi kwa rangi ya kinywaji. Matembele, kwa upande wake, yana chuma na yana foliki asidi, kwa hiyo mama mkwe hajakosea mboga. Amekosea kukupa maji na kuacha majani. Kula jani lenyewe. Yapike muda mfupi, kamulia limau ukishaepua, na weka dagaa kwenye sahani hiyohiyo. Chuma cha majani kinafyonzwa kwa shida kikiwa peke yake; limau na samaki ndivyo vinavyokisukuma kiingie.

Sasa chai. Hukuitaja, lakini najua inanywewa, maana hata mimi nakunywa. Chai ya rangi au ya maziwa pamoja na chakula inakamata chuma tumboni na kukizuia kufyonzwa. Isogeze saa moja au mbili mbali na mlo. Hilo peke yake ni dawa isiyouzwa.

Choo cheusi ukiwa kwenye vidonge vya chuma ni kawaida, hakina madhara, na ulistahili kuambiwa siku ileile uliyopewa. Kichefuchefu mara nyingi hupungua ukimeza usiku kabla ya kulala, baada ya kula kidogo. Kikizidi, rudi useme, kuna aina nyingine na kuna namna ya kubadilisha kipimo. Ukiwa na 9.2 huwezi kufika kwa mboga peke yake kabla mtoto hajafika. Mboga ni ya kukulinda, vidonge ni vya kukupandisha.

Na pemba: usijione mchafu wala mwenye tabia mbaya. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe. Lakini udongo unang'ang'ania chuma tumboni, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na hata madini ya risasi. Mwambie mkunga. Muulize pia kuhusu dawa ya minyoo, maana safura hunywa damu kimyakimya, na hakikisha unalala ndani ya chandarua. Malaria inavunja chembe za damu haraka kuliko tembele linavyoweza kuzijenga.

Mwanangu ana miezi minane. Nilinunua unga wa lishe wenye vitu 12: mahindi, mchele, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, korosho, lozi na mlonge. Haongezeki uzito na tumbo halitulii. Niongeze nini? (Mama wa mara ya kwanza, Morogoro)

Punguza, usiongeze. Mahindi, mchele, ulezi, mtama na ngano ni ndugu wa ukoo mmoja. Ukivichanganya vyote mtoto hapati kitu kipya, anapata wanga ule ule wenye majina matano. Na tumbo likivurugika utajuaje ni kipi kati ya 12? Chukua nafaka moja, ulezi unatosha, na kitu kimoja cha kujenga mwili. Soya isiyoiva vizuri inazuia protini kumeng'enywa, na katika unga wa kununua huwezi kujua kama ilichemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa. Iache.

Hofu yangu kubwa zaidi ni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 ikaleta msiba Dodoma na Manyara. Haionekani kwa macho na haiondoki kwa kuchemsha. Kwa watoto, hata kiasi kidogo cha kila siku si cha kuchezea. Kwa hiyo nunua karanga nzima, zichambue mwenyewe kwenye ungo, tupa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi. Saga kidogo kidogo, wa wiki mbili tatu. Unga wa pakiti unakunyima nafasi ya kuchambua.

Halafu uji wenyewe. Mama wengi wanaupika mwepesi ili mtoto ameze, na tumbo dogo linajaa maji. Wazee wetu walikuwa na jibu zuri: kimea. Loweka ulezi safi usiku mmoja, uache uote siku mbili tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, uanike ukauke kabisa, usugue vimizizi vitoke, usage. Pika uji mzito, mzito kweli, kijiko kisimame. Uache upoe kiasi cha vuguvugu, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Utauona unalegea mbele ya macho yako bila tone la maji, kwa sababu kimea kinakatakata ule wanga. Urudishe motoni uchemke tena ndipo umpe. Mtoto anakunywa kikombe kilekile lakini chenye chakula mara nyingi zaidi. Sijui kwa nini tuliliacha hili tukakimbilia pakiti zenye picha ya mtoto mnene.

Ongeza yai, au dagaa waliosagwa, na endelea kunyonyesha. Kama choo ni cha maji mara tatu au zaidi kwa siku, ni kuhara: mpe ORS na vidonge vya zinki kutoka zahanati, na nenda na kadi yake wampime uzito.

Baba ana miaka 63, ana presha. Tangu aanze rosela na vitunguu saumu kila asubuhi ameacha dawa, anasema anajisikia vizuri. (Kijana wake, Mombasa)

Presha haijulikani kwa kujisikia. Mtu anaweza kuwa na 180 kwa 110 na akacheka barazani hadi magharibi. Mpeleke apimwe, siku mbili tofauti, akiwa amekaa na kupumzika.

Rosela isiyo na sukari inashusha presha kidogo, hilo limepimwa na ni kweli. Ni pointi chache, hazitoshi kuziba pengo la dawa aliyoiacha. Aendelee na kikombe chake, na arudi kwenye vidonge; daktari akiona presha inashuka mno, yeye ndiye wa kupunguza. Saumu ya kwenye mchuzi haina shida, lakini punje nyingi mbichi kila siku hulainisha damu, yaani huifanya ichelewe kuganda. Kama anatumia aspirini au warfarin, au anataka kung'oa jino, aseme.

Dawa nyingine ya jikoni yenye nguvu ni kupunguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kikiwemo kila kitu. Kwa watu wa pwani kijiko hicho kinamalizwa na kipande cha ng'onda au papa mkavu kabla hata mchuzi haujatiwa chumvi. Amloweke samaki, amwage maji, arudie tena. Na vile vidonge vya kuongeza ladha ya mchuzi, sehemu kubwa ni chumvi iliyovaa karatasi.

Asali kwa kikohozi cha mtoto, inafaa?

Akishatimiza mwaka mmoja, ndiyo, nusu kijiko au kijiko kabla ya kulala hutuliza koo. Kabla ya mwaka, hapana, hata tone la kulamba. Asali inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, na utumbo wa kichanga haujaweza kuvizuia.

Kwetu homa ikianza tunakunywa mwarobaini. Si ndiyo huo huo mti wanaotengenezea dawa ya malaria?

Hapana, unachanganya miti. Kiungo kikuu cha dawa mseto ya malaria kinatokana na pakanga ya Kichina, na bibi mmoja mtafiti wa China, Tu Youyou, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kukichimbua kutoka kwenye tiba ya zamani ya kwao. Kwa hiyo tiba asili haidharauliwi. Lakini angalia alichofanya: alitoa kiini, akakipima, kikajulikana kinatosha kiasi gani. Chai ya majani hayo hayo haitoshi na inawafundisha vimelea usugu. Homa ikianza, pima kwanza. Na mafuta ya mwarobaini asinyweshwe mtoto kamwe, ni sumu kwake.

Nikimwambia daktari kwamba natumia dawa za asili, ananigombeza. Si bora ninyamaze? (Msomaji, Dodoma)

Shangazi yangu alinyamaza. Ana kisukari, na alikuwa amegombezwa mara moja mbele ya watu, katika hospitali ambayo siitaji. Akaendelea na uwatu wake, kijiko asubuhi kijiko jioni, juu ya vidonge, bila kumwambia mtu. Uwatu unashusha sukari. Alfajiri moja tulimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, maneno hayaeleweki. Bahati dada yangu alijua, akampa maji ya sukari kidogo kidogo wakati bado anaweza kumeza, tukamkimbiza. Daktari wa zamu aliuliza maswali kumi kabla mtu hajataja uwatu.

Wahudumu wanaogombeza wanakosea, na nawaambia hivyo nikiwa nao. Hapa Tanzania tiba asili ina sheria yake tangu mwaka 2002 na ina baraza lake. Si kosa unalokiri, ni taarifa unayotoa. Usianze na maelezo marefu. Beba chupa au kifuko chenyewe mkononi, kiweke mezani, sema: hiki nakunywa, kiasi hiki, saa hii, tangu mwezi huu. Na ukigombezwa, mwambie kwa upole: naomba uandike kwenye faili langu.