Kitabu cha huzuni msikisome mbio

Niseme ukweli jamani, riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah mi ilinishinda mara ya kwanza. Ilikuwa 2021, Gurnah kapata Nobel ya fasihi, mtaani kila mtu anasema ni Mzanzibari wetu, nikakitafuta kitabu nisipitwe, nikafika kurasa arobaini hivi nikaona mbona hamna kitu, kitabuni mzee mmoja wa miaka 65 kashuka uwanja wa ndege wa Gatwick, Uingereza, kajifanya hajui Kiingereza, afisa wa uwanja kamchukulia kisanduku chake cha udi, na kuanzia hapo ni kukumbuka tu. Nikakiweka chini ya tivii.

Mwaka jana tukakianza upya, watu sita hapa Moshi, kila Jumamosi jioni, kurasa ishirini kwa wiki na marufuku kutangulia. Kusoma tulisoma Kiingereza, kubishana Kiswahili. Kama Kiingereza kinawatesa, anzeni na Peponi, riwaya yake nyingine, hicho kimeshatafsiriwa.

Kosa langu la mwanzo: nilikuwa nauliza "mmekipenda?" Usiulize hivyo, watu watakujibu ndiyo au hapana wamalizie chai yao. Dada mmoja anauza mitumba soko la Memorial alisema mzee anazunguka sana, aseme alichotendewa tuondoke. Wiki iliyofuata nikauliza ulisimama wapi, yaani sehemu gani uliweka kitabu chini kwanza, na hapo ndo mambo yakaanza. Mama mmoja nesi mstaafu, mtu wa Tanga, alisimama kwenye ule udi. Marehemu mama yake alikuwa akifukiza nguo kwenye chetezo kila Ijumaa, akaanza kulia, na mi kwa ujinga wangu nikamwambia mama pole, ni hadithi tu. Alinitazama hivi... sijarudia.

Halafu kitabuni akaja Latif. Huyu ni msomi wa London, mtoto wa familia iliyopoteza nyumba kwa karatasi ya mkopo, na karatasi iliishia mikononi mwa yule yule mzee wa Gatwick. Kila mmoja ana hadithi yake ya nyumba ile ile, na bahati mbaya wote wawili wanaaminika. Grupu likapasuka. Kaka mmoja wa Machame, mkimya kupita maelezo, akapiga meza, "Huyo mzee ni mwizi mwenye karatasi!" Tukanyamaza. Kumbe ana kesi ya kihamba, yaani shamba la ukoo, na kaka yake wa Dar, kila Desemba wakipanda nyumbani huyu anasema baba alipanda masale, ile mimea ya mpaka, huku, yule anasema kule, na baba hayupo wa kuulizwa.

Hapo msiamue. Sisi tulijaribu kupiga kura nani mkweli, tukatoka tatu kwa tatu na watu wawili hawakuongea wiki nzima. Bora msome tena kwa sauti kile kipande wanachopishana, polepole, mmoja asome ya mzee mwingine asome ya Latif. Dada wa Memorial ndo alisoma ya mzee, na safari hii hakulalamika kwamba anazunguka.

Tulimaliza Novemba. Kaka wa Machame akaazima nakala yangu ampelekee kaka yake, anasema kaka yake anasoma sana akiwa likizo. Desemba imepita, sijarudishiwa, na sijauliza.