Kamba za kome zenye utando wa rangi ya chungwa: usiwashe pampu

Mkuu, zima hiyo pampu kwanza. Umeuliza utando ulioziganda soksi zako za kome, yaani mirija ya wavu unamowakuzia, ni mdudu gani, na kama kesho unaweza kuosha kwa maji ya shinikizo hukohuko baharini. Hilo la mwisho ndilo litakalokumaliza.

Nimefanya kazi ya kome hapahapa Prince Edward Island, Kanada. Msimamizi wetu alikuwa na kauli moja juu ya tunikata, wanyama laini wa baharini wanaojiganda kwenye kamba: "Tunikata ni tunikata, mpasue afe." Aliitoa kwa aina mbili: Styela clava, aliyeonekana kisiwani 1998, na Ciona. Hao kila mmoja anaishi peke yake ndani ya ngozi yake. Maji yakimpasua, kwisha habari. Basi akatuamuru tuwafanyie hivyohivyo hawa wa utando. Tukainua kamba, tukapiga maji, vipande vikamiminika baharini, kome wakabaki weusi wanang'aa. Akatusifu!

Kumbe tulikuwa tunapanda. Utando huo ni koloni: vinyama vya milimita chache, mamia kwa maelfu, vyote vimechipuka kutoka kwa kiluwiluwi mmoja, vimezama katika ute mmoja mgumu na vinashirikiana mishipa ya damu. Kipande kikikatika kikiwa hai, kinaweza kushika kamba nyingine na kuendelea kuchipua, mithili ya kijiti cha muhogo. Kiluwiluwi wao huogelea kwa muda mfupi tu, mara nyingi saa chache, kisha hujibandika. Kwa nguvu zake hafiki mbali. Wanaompeleka mbali ni boti, maboya, soksi zinazohamishwa, na watu wenye pampu. Msimu uliofuata, kamba zilizokuwa safi, zile ambako mkondo ulipeleka uchafu wetu, zilivaa utando juu mpaka chini. Mnunuzi akakataa mzigo. Na yule msimamizi akamwambia tajiri kwamba vibarua ni wazembe! Mpaka leo linaniuma, maana aliulizwa mapema kama hawa ni aina ileile, akajibu kwa kelele.

Ukoo nao usikudanganye. Botryllus na Botrylloides wamo katika familia moja na Styela, yaani Styelidae, ilhali Styela anaishi peke yake na hao wawili ni wa koloni. Chukua lenzi. Ukiona vinyama vimejipanga kama petali za ua kuzunguka tundu moja, huyo ni Botryllus schlosseri, aliyefika kisiwani 2001. Vikiwa mistari mirefu inayopindapinda, koloni zima rangi moja, elekea Botrylloides violaceus. Kwa rangi uliyoitaja, namshuku huyo.

Hata wataalamu kuwatambua hawa kumewasumbua. Didemnum vexillum, tunikata mwingine wa koloni, alipewa jina 2002 kwa vielelezo vya New Zealand, akadhaniwa ni mwenyeji wa huko. Mwaka 2009 Gretchen Lambert, mtaalamu wa tunikata, akaonyesha kwamba inaelekea asili yake ni Japani. Kabla ubishi huo haujaisha, tishari la mizigo lilishamfikisha Shakespeare Bay, hukohuko New Zealand, kwenye eneo la mashamba ya kome.

Kwa hiyo: koloni halioshwi juu ya maji. Kila kipande kiishie nchi kavu. Soksi zipandishwe, zioshewe mahali ambapo maji machafu hayarudi baharini, mabaki yakusanywe yote, hata yale ya kwenye sitaha na kwenye buti zako. Usizihamishie ghuba nyingine bila kibali cha Idara ya Uvuvi na Bahari. Na msimamizi wako akikwambia tunikata ni tunikata, mpe lenzi aangalie mwenyewe.